Waliniletea Makala Yangu Niihakiki

Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipofungua barua pepe ya jarida nikiwa nimesimama, nikakaa chini bila kuangalia kama nyuma yangu kuna kiti. Kiti kilikuwepo. Ndiyo bahati pekee niliyoipata mwaka huu.

Wewe uliyeingia leo nikufupishie, maana wenzako wameshanuna pamoja nami. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nafundisha na kutafiti afya ya watu wakiwa kazini. Baba yangu alikuwa msagaji. Ujana wake wote aliumaliza mbele ya mashine ya kusaga nafaka, na leo ukitaka akuelewe lazima usimame mbele yake akuone midomo. Kwa sababu yake nilizunguka kwenye mashine za watu na kifaa cha kupimia kelele, nikagundua jambo dogo lenye madhara makubwa. Vile vifuniko vya masikio wanavyogawiwa wasagaji, sponji yake inashika vumbi la unga, inakauka, inakuwa ngumu, na kelele zinapita kama vile mtu hajavaa kitu. Mwenyewe anajiona amekingwa, kumbe anazidi kuwa kiziwi huku amevaa.

Nikaandika makala. Mwenzangu wa ofisini aliisoma kwanza, nikaisafisha, nikaipeleka kwenye jarida. Ikakaa huko mpaka nikaanza kusahau niliandika nini. Kisha ikarudi na maneno ya mhakiki.

Mhakiki, kwa asiyejua, ni mtaalamu anayepewa makala yako aisome kwa siri kabla haijachapishwa, aseme inafaa au haifai. Wewe humjui, na yeye hatakiwi kukujua. Huyu wangu aliandika mistari michache tu. Kazi ni changa, mwandishi hajui misingi, akasome kwanza makala hizi tano. Zote tano zimeandikwa na mtu mmoja. Mtu huyo mimi namwita Bingwa, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa kwenye mikutano.

Ikakataliwa. Na bila makala hiyo kutoka, chuo hakiniongezei mkataba. Nafasi iliyobaki kwenye idara yetu ni moja, na wanaoitaka ni zaidi ya mmoja.

Hapo ndipo ikaja ile barua pepe. Jarida lilelile lililonifukuza linaniomba, kwa heshima na taadhima, niwe mhakiki wa makala mpya inayohusu wasagaji. Jina la mwandishi limefichwa, kama kawaida. Nikakubali, nikaifungua, nikasoma.

Ilikuwa makala yangu.

Sisemi ilifanana na yangu. Watu wengi wanaweza kuchunguza jambo moja na wakafanana, sina ugomvi na hilo. Nasema ilikuwa yangu. Kichwa kimebadilishwa, aya ya mwisho imeletwa mwanzo, maneno yamepindwapindwa kidogo kama mtoto anayenakili daftari la jirani. Lakini msagaji wa mashine ya nne alikuwemo, yule aliyeniambia kwamba akivaa vile vifuniko anasikia moyo wake mwenyewe unavyogonga. Mimi ndiye niliyekaa naye juu ya gunia akaniambia vile. Huyo aliyeandika alikuwa amekaa wapi?

Na kosa langu nalo lilikuwemo.

Hili kosa nilieleze, maana ndilo lililonitia wazimu. Mashine za kule zinasaga kwa sahani mbili za chuma. Nafaka ikiwa katikati, sahani hazigusani. Ikiwa hakuna nafaka, chuma kinasaga chuma, na mashine inalia vibaya kuliko ikiwa imejaa. Kila msagaji anajua, na hakuna anayeiacha izunguke tupu kwa makusudi. Sasa mimi, binti wa msagaji, nilipofika mashine ya saba nikakuta mwenyewe anairekebisha, inazunguka tupu, nikapima hivyohivyo na kuondoka. Desibeli mia moja na kumi na mbili. Namba ya uongo. Mashine yenyewe ikifanya kazi haifiki huko.

Na humu ndani, kwenye makala ya huyu mwizi, kwenye jedwali la pili, mashine ya saba ilikuwa imekaa imetulia na mia moja na kumi na mbili yake. Mtu ameniibia mpaka ujinga wangu.

"Una nini wewe?" akaniuliza Birika.

Birika ndiye mwenzangu wa ofisini niliyewatajia. Nilimpa jina hilo kwa sababu siku aliyohamia hakuja na kitabu hata kimoja, alikuja na birika la umeme, akaliweka juu ya rundo la karatasi za mitihani, akasema, "Sasa hapa ni ofisi." Tunakaa meza kwa meza. Droo yangu haifungi, yake haifunguki, kwa hiyo vitu vyetu vya maana vyote viko kwangu. Mkataba wake na wangu unaisha siku moja.

"Njoo uone," nikamwambia.

Sasa nisikilizeni. Juu kabisa ya ile makala kulikuwa na onyo, herufi nene: hii ni siri, mhakiki asimwonyeshe mtu yeyote, asiijadili na mtu yeyote. Nililisoma onyo hilo. Nikageuza kompyuta na kumwonyesha.

Birika akainama, akasoma. Akainua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Ni yako," akasema.

"Ni yangu."

"Nani kafanya hivi?"

"Unaniuliza mimi? Nani alikuwa nayo? Jarida lilimpa mhakiki. Mhakiki akaikalia, akanitukana, ikakataliwa. Baada ya hapo imetokea tena ikiwa na nguo mpya. Hesabu hiyo inataka profesa?"

"Bingwa," akasema polepole.

"Bingwa."

Akavuta kiti karibu. Akanishika bega, na mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya kile kikombe. "Nisikilize, dada yangu. Usianze vita. Yule ana watu, na wewe mkataba wako uko mezani kwa wakubwa. Andika kwamba umebanwa na kazi, huwezi kuihakiki. Waachie. Tutafute jarida lingine kwa ajili ya yako."

"Niiache ipite?"

"Kwani ukiihakiki wewe ndiyo itakuwa haki? Maadili yanasema nini? Ukiwa na maslahi yako ndani ya makala, unajitoa. Wewe ndiye unayewafundisha wanafunzi hivyo."

Ni kweli nawafundisha hivyo. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

Alipotoka kwenda darasani, sikujitoa. Niliketi niandike ripoti. Nilikuwa na kisu mkononi kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, na aliyekuwa mbele yangu alistahili. Nikaandika kwa mtindo wa Bingwa. Kazi ni changa. Mwandishi hajui misingi. Ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Kisha nikafika sehemu ya kusema ubaya wenyewe uko wapi. Nikaandika kwamba mahojiano na wasagaji ni dhaifu. Nikasimama. Mahojiano yale niliyafanya mimi. Nikaandika kwamba jambo la sponji halina ushahidi. Ushahidi wake niliukusanya mimi, nimekohoa unga wiki nzima kwa ajili yake. Kila nilipotaka kumpiga huyu mtu, kofi lilinirudia mimi. Ili niiue hiyo makala ilinibidi nitoe ushahidi wa uongo dhidi ya kazi yangu mwenyewe.

Nikafuta yote. Damu inanichemka na sina pa kuimwaga. Wazo la pili nalo lilinijia: niikalie. Nisijibu. Niiache ikae kwangu ioze kama yangu ilivyooza kwao. Hakuna anayemhukumu mhakiki kwa kuchelewa, sote tunajua. Nikaona mara moja kwamba hapo nitakuwa nimegeuka Bingwa mwenyewe, tofauti yetu itakuwa mavazi tu. Nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa uani anakarabati kiti ambacho hakijavunjika. Nikasimama mbele yake, nikamweleza polepole kwamba kazi ya mashine imeibwa.

"IMEIBWA NA NANI?" akauliza.

Baba hajisikii anapopaza sauti. Jirani upande wa pili wa ukuta akazima redio ili asikie vizuri.

"Baba, taratibu. Na mtu mkubwa."

"MKUBWA KIASI GANI? ANAJUA HATA KUFUNGA SAHANI ZA MASHINE?"

"Hajui."

"BASI ATASEMAJE NI YAKE? AKIULIZWA ATAJIBU NINI?"

"Haulizwi mtu, Baba. Wanaandikiana tu."

Akaweka nyundo chini. Akaanza kucheka, kisha akaacha. "Mimi masikio yangu yamekwenda," akasema, safari hii kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo ndiyo inayoniumiza. "Nilisema sawa, mwanangu ameandika, wengine watajua. Hiyo ndiyo ilikuwa fidia yangu. Sasa hata hiyo mtu kaichukua?"

Nikaiokota nyundo, nikamrudishia mkononi.

"Yule mwenzako wa chai anasemaje?"

Baba anampenda Birika. Wageni wengi wakija kwetu wanamfokea Baba, au wanamsemesha kupitia kwangu kana kwamba ni kabati. Birika siku ya kwanza tu alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akasema neno mojamoja mpaka wakaelewana. Tangu siku hiyo anauliziwa kila wiki.

"Anasema niache."

"Anakuhurumia," Baba akasema. "Lakini usiache, mama. Nenda ukaseme mbele yao. Wakuone uso."

Basi asubuhi nikapiga moyo konde. Nilimwambia Birika naenda kwa Mhariri wa jarida. Akachukua mkoba wangu kabla sijauchukua mimi.

"Siwezi kukuacha uende peke yako na hasira hizo," akasema. "Utapigana."

Ofisi ya jarida iko ghorofa ya pili kwenye jengo la utawala, mwisho wa ukumbi mrefu. Mlango wake una kioo, na nje kuna benchi la mbao ambalo mguu mmoja umeinuliwa na toleo la zamani la jarida lenyewe. Birika akakaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Mimi nikagonga na kuingia kwa pamoja.

Mhariri ni mama wa makamo, mpole, mwenye desturi ya kukubali kwa kichwa kila unachosema hata kabla hujakisema. Hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu, alikuwa amekaa Bingwa. Yumo kwenye bodi ya jarida, nilisahau. Au sikusahau, nilitamani tu nimkute.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Mhariri.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Una miadi?"

"Sina. Nina makala."

Nikaweka kompyuta yangu juu ya meza, juu ya karatasi zake. "Hii mliniletea niihakiki. Naijua. Ni yangu. Niliileta hapa, mkaikataa, sasa mmeipokea kutoka kwa mwingine. Imepita mikononi mwako mara mbili, mama. Hukuiona?"

Mhariri akakubali kwa kichwa, kisha akagundua amekubali nini. "Mwalimu, makala zinazoletwa ni nyingi. Mashine ndiyo inayochagua mhakiki kwa kufuata mada. Mimi siwezi kusoma kila..."

"Husomi?"

"Napitia."

"Sawa. Basi nikuambie aliyeiba." Nikageuka. "Mheshimiwa, shikamoo. Makala tano za kwako nimezisoma, kama ulivyoniagiza. Sasa nirudishie moja ya kwangu."

Bingwa akateremsha mguu wake sakafuni.

"Unasema nini, binti?"

"Wewe ndiye uliyehakiki makala yangu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa nayo. Ukaiua ili uifufue kwa jina lako."

"Mwalimu," Mhariri akasema, "majina ya wahakiki ni siri, siwezi kuruhusu..."

"Mwache," Bingwa akamkatiza. "Mwache aseme. Ndiyo, nilipewa mimi. Unataka kujua ukweli? Siwezi kuiba nisichokisoma."

"Umesemaje?"

"Sikuisoma." Alisema hivyo huku akinyoosha tai yake, kama mtu anayetaja sifa. "Nilisoma ukurasa wa kwanza. Niliona mambo ya sponji na unga, nikajua ni kazi ya wanaoanza. Ninaletewa makala kila siku. Ningesoma zote, kazi zangu ningefanya saa ngapi? Niliandika maoni, nikatuma. Kwa hiyo ukitafuta mwizi, mimi simo."

Wenzangu, nimetukanwa na wengi katika mkasa huu, mnawajua. Lakini sikuwahi kukutana na mtu anayejitetea kwa kosa kubwa kuliko lile aliloshitakiwa. Miezi yangu, unga niliomeza, masikio ya baba yangu, mkataba wangu, vyote viliamuliwa na mtu aliyesoma ukurasa mmoja. Na anakiri bila aibu, mbele ya Mhariri, na Mhariri anaangalia dirishani.

"Mama, umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia," akasema kwa sauti ya chini.

"Na utafanya nini?"

"Hilo tutalizungumza kwenye bodi."

"Bodi ndiyo hii imekaa hapa."

Sikuamini, hata hivyo. Nilimwona Bingwa anavaa uvivu ili kufunika wizi, kwa sababu uvivu haumfungi mtu. Nikasema, "Nina ushahidi. Mama, fungua hiyo waliyoleta sasa. Jedwali la pili. Mashine ya saba. Soma."

Mhariri akavaa miwani, akatafuta. "Mia moja na kumi na mbili."

"Hiyo namba ni kosa. Nilipima mashine ikizunguka tupu. Hakuna mtu duniani anayeweza kuipata namba hiyo isipokuwa ameinakili kwangu. Sasa fungua yangu, ile niliyowaletea. Soma mashine ya saba."

Akafungua. Akatafuta kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta yake. Akarudia tena kutafuta.

"Mia moja na moja," akasema.

"Hapana. Ya saba."

"Ndiyo, ya saba. Umeandika hapa chini kabisa: ilipimwa upya ikiwa na nafaka. Mia moja na moja."

Akageuza kompyuta nione mwenyewe. Ilikuwa hivyo.

Hapo ndipo kumbukumbu iliponirudia, yote, kama mtu aliyenimwagia maji. Nilirudi kupima. Kabla ya kupeleka makala jaridani, siku niliyompeleka Baba kupimwa masikio, nilipita kwa mashine ya saba, nikaikuta inasaga, nikapima vizuri. Namba niliibadilisha nikiwa kwenye benchi la kliniki, kompyuta mapajani, Baba ananiuliza kwa sauti ya kusikika jengo zima kama nimekula. Tangu ikataliwe sikuifungua tena, roho iliniuma mno. Nilichokumbuka ni aibu ya lile kosa. Kulisahihisha kwenyewe nilikusahau.

Bingwa akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja. "Kwa hiyo iliyoletwa kwangu haikuwa na hiyo namba. Hata ningetaka kukuibia, ningeiba iliyo sahihi. Binti, utaniomba radhi kwa maandishi."

"Mwalimu," Mhariri akasema, na safari hii hakutikisa kichwa, "kama hii haikutoka kwenye makala uliyotuletea, ilitoka wapi? Nani mwingine alikuwa na ile ya kabla?"

Rasimu ya kwanza, yenye mia moja na kumi na mbili, nilimpa mtu mmoja. Aliisoma jioni ile ile. Alinirudishia ikiwa na maandishi yake pembeni kila ukurasa, mpaka nukta alizonisahihishia. Tulicheka pamoja siku nilipomwambia kwamba nimepima mashine tupu. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hataniacha nisahau. Kwamba nilirudi kupima sikumwambia, kwa hiyo namba nyingine hakuwa nayo.

Mhariri alikuwa ameinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, ambako jina la mwandishi halikufichwa, akawa anaangalia juu ya bega langu. Anaangalia kwenye kioo cha mlango.

Nikageuka. Nikafungua mlango.

Birika alisimama. "Umejitoa?" akauliza. Hakuuliza kama nimepigana.

"Mashine ya saba nilirudi kuipima," nikamwambia.

Akaelewa kwamba nimeshajua, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu nisiyemjua. Akanishika kiganja cha mkono, kwa nguvu.

"Nafasi ni moja," akanong'ona. "Kazi yako ilikuwa imeshakataliwa. Ilikuwa inakaa tu. Mimi nina watoto wawili, wewe una Baba tu."

Una Baba tu. Niliyasikia maneno hayo na mpaka leo nayasikia.

"Baba huyohuyo uliyemvutia kigoda," nikasema.

"Usinitaje," akasema. "Nakuomba. Ukinitaja itabidi useme pia ulichofanya wewe."

Nyuma yetu Mhariri alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwalimu, swali moja, na nataka jibu la kweli. Makala hii ulipewa kwa siri. Umemwonyesha mtu?"

Kiganja cha Birika kilizidi kunibana. Kukana ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na angenisaidia kulibeba.

"Ndiyo," nikasema.

Birika akaniachia. Akavuta pumzi, akaunyoosha mkanda wa mkoba wangu begani mwake kana kwamba ni wake, akampita Mhariri na kuingia ofisini bila kukaribishwa.

"Alinionyesha mimi," akasema. "Mwandishi wa hiyo makala ndiye mimi. Na kabla hajaendelea, nina malalamiko mawili. La kwanza, mhakiki wangu amevujisha kazi yangu, amekiri sasa hivi mbele yenu. La pili, utafiti huu tuliufanya wawili. Rasimu ya kwanza ipo kwenye droo ya ofisini kwetu, ina mwandiko wangu kila ukurasa. Yeye akalitoa jina langu na kuileta kwenu kama yake. Nilirudisha tu kilicho changu."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilifungua mdomo na hasira ilikuwa nyingi kiasi kwamba haikupata mlango wa kutokea.

Mhariri alikaa chini, akabonyeza paji la uso kwa vidole viwili. "Sasa hapa," akasema, "mimi sihukumu. Utaratibu unataka makala zote mbili zisomwe upya na mtaalamu wa tatu, mwanzo hadi mwisho, aseme ipi ni ya nani. Atakaloandika ndilo litakalokwenda chuoni, kwenye mikataba yenu." Akahesabu kimoyomoyo watu wa fani yetu, nikamwona anafika mwisho haraka. "Na ukiwatoa ninyi wawili..."

Hakumaliza. Sote tuligeuka kwenye kiti cha wageni.

Bingwa alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. "Leteni zote mbili," akasema. "Hizi nitazisoma."